Mikeka ya nje kwa wenye magari ya kulala

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Wenzangu mnaozunguka na magari ya kulala, mkipaki ufukweni huku Mwanza acheni kutandika turubai mlangoni siku nzima, nyasi chini zinakosa hewa na jua zinageuka njano halafu wenye eneo ndo wanabaki na kipara. Chukueni mkeka wa plastiki uliofumwa, mchanga na maji vinapita, na pembeni pigilieni vigingi maana upepo wa ziwa ukianza hauchezi. Asubuhi kung'uteni vile vidudu vilivyofuata taa usiku, mkeka ukauke kabisa ndo mkunje, ukikunjwa mbichi unaota ukungu na gari zima linanuka. Ila sabuni ziwani jamani hapana! Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 toka ufukweni, chota maji, oshea mbali.

Msafiri, Capripoint, Mwanza