Na sisi tupewe namba ya jioni

Bwana Mhariri,

Juma lililopita mliandika habari fupi ya maporomoko ya theluji huko Ulaya. Jirani yangu alicheka: "Hayo ya Wazungu yanatuhusu nini?" Mimi sikucheka. Mdogo wangu anaosha vyombo katika hoteli moja ya Davos, Uswisi, na siku zilezile alinitumia sauti ndefu kwenye simu, akieleza kwa nini hakupanda mlimani na wenzake siku yake ya mapumziko.

Theluji ilianguka siku tatu, kisha ukaja upepo. Nilidhani ubaya ni theluji yenyewe, kumbe upepo ndio mchokozi. Huikwangua upande unaopigwa, ukairundika upande wa pili wa mlima, penye kimya, palepale mtu anapoona pazuri pa kupita. Iliyorundikwa hushikamana kama ubao, na chini yake huenda kuna tabaka legelege kama sukari. Mteremko ukiwa wa digrii 30 na zaidi, uzito wa mtu mmoja unatosha kuuvunja ubao huo. Anayefukiwa hana muda: baada ya robo saa matumaini hupungua haraka. Ndiyo maana kila mmoja hubeba mwilini kifaa cha redio cha kuonyesha alipo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Wa kumfukua ni wenzake walio karibu. Na wengi wanaokufa hivyo, mporomoko wameuangusha wao wenyewe au mwenzao wa msafara.

Hapo nilisimamisha sauti. Mimi ninauza makala hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, haya ya kupikia, si yale mnayoandika ninyi. Nyumba yangu imeegemea kilima. Mwaka jana nilichimba hatua tatu ndani ya kilima hicho ili nipate jiko, wala sikumwuliza mtu. Sasa ukuta wa jiko una ufa. Nimeuchorea mistari ya makala huku na huku, na kila Jumapili ninaupima kwa vijiti vya kiberiti. Siku ya Noeli kiliingia kimoja, kwa shida. Leo vinaingia vitatu, na mlango wa nyuma haufungi mpaka uusukume kwa goti. Mvua nayo naipima, kwa kopo la maziwa ya unga nililoliweka uani. Watoto wananiita injinia.

Sasa, hiyo namba. Majira ya baridi, kila siku saa kumi na moja jioni, taasisi ya theluji iliyoko pale Davos hutangaza hatari kwa namba, 1 mpaka 5, na kutaja upande gani wa mlima na kimo gani. Siku ile ilikuwa 3. "Yaya," mdogo wangu akaniambia (ndivyo tunavyomwita mkubwa), "siku ya 5 watu wanakaa ndani. Siku ya 3 ndiyo inaua, maana bado wanatoka."

Kopo langu linasema vilevile. Ufa hautanuki siku ya mvua ya radi, tukiwa wote macho. Unatanuka baada ya siku nne tano za mvua ya kawaida, tukiwa tumeshaizoea.

Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilipoteza watu zaidi ya 400 kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Tulilia, tukazika, redio zikarudi kwenye muziki. Hapa mjini, ardhi ya Funu inateremka polepole miaka mingi, na wataalamu wanaipima. Vipimo vyao sijavisikia redioni hata siku moja, kwa Kiswahili cha kumfikia muuza makala.

Naomba vipimo vya mvua katika shule chache za vilimani, mwalimu avisome jioni, wataalamu watoe namba kartiye kwa kartiye, yaani mtaa kwa mtaa, nanyi muichape. Najua nitaulizwa: ukishaijua, utakwenda wapi? Wa Davos anaweza kuacha kupanda. Sisi mteremko ndio kitanda chetu. Sawa. Lakini nina dada anayekaa mtaa wa Nguba, mwenye sebule. Siwezi kumpelekea watoto wanne kila mvua inaponyesha, atanichoka. Siku ya 4 atanielewa.

Leo asubuhi kopo lilikuwa na maji ya vidole viwili, na ziwani kungali kweusi.

Muuza makala,
Kadutu, Bukavu