Msimsokomeze chatu mdogo chakula

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo linalotuuma kila mwaka inapofika Juni. Mavuno yakishaingia ndani, ngoma za mashindano zinaanza Usukumani, na makundi yanayocheza na nyoka, warithi wa Bayeye, chama cha jadi cha Wasukuma cha wacheza nyoka, hutafuta chatu wadogo wa kuwazoesha mikono ya watu. Mwezi haujaisha, swali ni lile lile kuanzia Kisesa hadi Magu: chatu amegoma kula, tufanyeje? Jibu linalotolewa haraka ni kumshika shingo, kumpanua kinywa kwa kijiti na kumsokomeza kipande cha nyama au dagaa. Jibu hilo linaua nyoka.

Kwanza kibali. Chatu ni mnyamapori, yumo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumwokota kwenye miamba na kumweka uani kwake. Asiye na kibali aijulishe ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Yanayofuata tunawaandikia vikundi vya ngoma, mabanda ya maonyesho na wafugaji wenye karatasi zao mkononi.

Turudi kwenye kijiti. Chatu anapopiga mwayo, tazama sakafu ya kinywa chake. Mbele kabisa, nyuma kidogo ya pale ulimi unapotokea, kuna kijitundu kinachofunguka na kujifunga taratibu kama mdomo wa samaki. Hiyo ndiyo njia ya hewa. Nyoka anapomeza mwenyewe hukisogeza mbele, hata kikachungulia kando ya windo, ili aendelee kupumua. Ukimsokomeza, nafasi hiyo hana, na majimaji ya nyama yanashukia kwenye pafu. Meno yake nayo ni membamba na yamepinda kuelekea kooni. Kijiti kikivutwa yanang'oka, fizi zinachanika, na baada ya siku chache utaona ute mzito na utando wa njano kinywani. Nyoka aliyekuwa hataki kula sasa hawezi kula.

Na hata kipande kikishuka, hakimsaidii. Chatu humeza mnyama mzima: mifupa ndiyo chokaa yake, ini na matumbo ndiyo vitamini zake. Nyama tupu haina hayo. Dagaa wa kukaushwa hana joto wala harufu ya mnyama ambaye chatu mdogo anamtambua kuwa chakula.

Sababu kubwa ya mgomo ni baridi. Watu huona Mwanza ni mji wa joto kwa sababu wanapima mchana. Tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai, upepo wa ziwa ukivuma, joto hushuka chini ya nyuzi 20. Chatu wa porini hana shida, kwa kuwa miamba yetu hupata jua mchana kutwa na nyufa zake hubaki na uvuguvugu hadi usiku. Yule aliyewekwa kwenye ndoo juu ya sakafu ya saruji hana pa kuupata. Mwili wa nyoka hauzalishi joto la kutosha kuyeyusha chakula, unaliazima kwa mazingira. Akimeza akiwa wa baridi, windo linaozea tumboni naye analitapika. Kwa hiyo anagoma, na yuko sahihi.

Mtengenezee boksi la plastiki la sentimita 60 kwa 40, lenye kifuniko cha kubana, na matundu ya hewa yaliyotobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Upande mmoja uwe na nyuzi 31 au 32, wa pili 25 hadi 27, achague mwenyewe. Joto litoke kwenye mkeka wa umeme chini ya upande mmoja, ukiongozwa na themostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe, kama zile za mashine za kutotoleshea vifaranga. Ukitumia balbu, iwe nje ya wavu, kwa maana nyoka hujizungusha kwenye balbu hadi akaungua asiondoke. Umeme ukikatika, chupa ya lita 2 ya maji ya moto iliyofungwa taulo itamvusha saa kadhaa. Kichwa cha kipimajoto kilazwe sakafuni anapolala nyoka. Ukikibandika ukutani kitakudanganya kwa nyuzi kadhaa.

Chini tandika magazeti. Maranda na mchanga hunasa kwenye windo lenye unyevu na kuingia kinywani. Weka bakuli la maji, na maficho mawili, moja kila upande. Maficho yawe ya kubana. Gae la chungu kilichovunjika, au kopo la siagi lililokatwa mlango, linatosha kama nyoka akijikunja ndani mgongo wake unagusa dari. Watu wengi hukosea hapa kwa huruma, wanampa boksi kubwa jeupe lisilo na kitu, na chatu mdogo, ambaye porini huliwa na ndege, nguchiro na kenge, anakaa humo akingoja kuliwa. Mwenye hofu hiyo hawindi.

Sababu ya pili ni kushikwashikwa. Nyoka mpya aachwe siku 7 bila kuguswa, isipokuwa kubadilishiwa maji. Asipelekwe kwenye mazoezi ya ngoma. Nyoka husikia mtikisiko wa ardhi kupitia taya lake, na boksi lililowekwa karibu na ngoma ni sawa na kulala barabarani. Kama kikundi kinamtaka kwa msimu huu huu, tunasema wazi: hafai kwa msimu huu. Atumike aliyekwisha kula milo 10 bila kukataa.

Kuna pia migomo isiyo ya kuhangaikia. Aliyetoka kwenye yai jana hana njaa, kwani bado anatumia kiini kilichobaki tumboni, na hula baada ya kujivua gamba mara ya kwanza, kwa kawaida ndani ya wiki 2. Na nyoka yeyote ambaye macho yake yamekuwa ya kibuluu kama maziwa yaliyotiwa maji anakaribia kujivua. Mwekee kopo lenye kitambaa kibichi ajifiche humo, na chakula kisubiri.

Sasa windo lenyewe. Unene wake usizidi sehemu nene zaidi ya nyoka, na uzito uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake. Chatu wa gramu 100 anatosheka na panya wa gramu 10 hadi 15. Mpime kwa mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Panya wawe wa kufugwa, wale weupe. Panya wa mtego kutoka sokoni au dukani huenda amekula sumu, na sumu hiyo haibaki kwa panya peke yake. Tena apewe panya aliyekwisha kufa. Panya hai mwenye meno, akiachwa usiku na nyoka asiye na njaa, humtafuna mgongo hadi mfupa.

Panya aliyegandishwa ayeyuke kwenye friji usiku kucha, kisha akiwa ndani ya mfuko wa plastiki aingizwe kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, hadi afikie nyuzi 38 hivi. Usimchemshe, usimtie kwenye maikrowevu: tumbo litapasuka na nyama itaanza kuiva. Mkaushe kwa kitambaa. Joto hili ndilo siri ya chatu. Ukitazama midomo yake kwa karibu utaona vijishimo vimepangana kwenye magamba. Vinahisi joto la mnyama hata kwenye giza totoro. Panya wa baridi, kwa vijishimo hivyo, hayupo.

Mpe saa 2 hadi saa 4 usiku, taa kali zimezimwa. Mshike panya kiunoni kwa kibano cha sentimita 30, mpitishe polepole mbele ya maficho kwa upande, kama panya anayepita njia. Usimsogeze puani kwa nyoka, hakuna panya anayemfuata chatu usoni. Ulimi ukianza kutoka polepole na kukawia nje, na shingo ikijikunja kama herufi S, tulia. Akipiga na kujizungusha, usivute, mtikise panya mara moja kisha achia na uondoke. Ila akirudi nyuma, akipumua kwa kishindo na kuficha kichwa, hiyo ni hofu. Acha. Jaribio zima lisizidi dakika 20. Ukishindwa, mwache panya mlangoni pa maficho, funika boksi kwa kanga, na asubuhi ukimkuta mtupe. Jaribio linalofuata ni baada ya siku 5 hadi 7. Anayejaribu kila usiku anamfundisha nyoka kumkimbia panya.

Akigoma majaribio matatu na joto liko sawa, badilisha harufu. Mwoshe panya kwa maji matupu, mkaushe, msugue kwa kifaranga cha siku moja. Au toboa fuvu la panya aliyekufa kwa sindano ili harufu ya ubongo itoke. Inachukiza mkono, lakini imewafungua midomo nyoka wengi. Njia nyingine ni kumfungia usiku kucha na panya wake kwenye kopo dogo lenye matundu, likiwa upande wa joto.

Hakikisha pia ni chatu kweli. Nyoka wa kahawia wa majumbani, asiye na sumu, akiwa mchanga hupenda mijusi kuliko panya, hivyo msugulie mjusi kafiri kwenye kitoto cha panya kisicho na manyoya. Nyoka mla mayai hatakula panya kamwe. Hula mayai ya ndege tu, huyavunja kwa mifupa ya uti wa mgongo iliyochomoza kooni na kulitema ganda. Aliye mchanga hawezi hata yai la kware. Naye anafanana mno na nyoka wenye sumu wa jamii ya kifutu, kwa hiyo asiye na uhakika asimguse.

Mpime kila wiki na uandike. Chatu mnene anavumilia wiki 4 bila kula. Akipoteza asilimia 10 ya uzito, uti wa mgongo ukichomoza kama ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, au akipumua kinywa wazi, ukiona usaha mdomoni au vidoa vyeusi vya utitiri vikielea kwenye bakuli lake, ni kazi ya daktari wa mifugo. Aliyetoka porini achukuliwe pia kinyesi kikapimwe minyoo. Kama mrija wa kumlishia unahitajika, auingize daktari.

Na siku atakapokula, furaha isiwarudishe nyuma. Asiguswe saa 48. Mlo wa pili uje baada ya siku 7, wa ukubwa ule ule, na hivyo hivyo hadi milo 5 ndipo muongeze gramu. Akitapika, aachwe siku 14 tumbo lipone, joto likaguliwe upya, kisha apewe nusu ya mlo uliomshinda.

Wafugaji wa nyoka wenye kibali,
Kisesa, Mwanza.