Kuta zetu zipimwe kwa mlipuko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalonikaa moyoni kuhusu kuta za nyumba zetu, hasa za sisi tunaoishi jirani na maghala ya silaha.

Mimi ni fundi mwashi. Baada ya mabomu ya ghala la jeshi kulipuka Mbagala, Aprili 29, 2009, nilishinda wiki kadhaa Mbagala Kuu nikirekebisha nyumba za watu. Nyumba moja siisahau. Ukiitazama kutoka barabarani ilikuwa nzima, bati zipo, kona zimesimama. Ukuta wa sebuleni ulikuwa na ufa mmoja tu, mwembamba kama mstari wa penseli, umelala kati ya kozi (safu ya matofali) ya tano na ya sita kutoka kona hadi kona. Niliweka kiganja nikausukuma kidogo. Sehemu yote ya juu ikacheza. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshawarudisha wajukuu kulala hapo chini yake. Nikamwambia, "Mama, watoto wasilale humu." Tuliubomoa siku ile ile kwa mikono, nyundo haikuhitajika.

Ufa ule ulilala katikati kwa sababu. Sisi tunajenga ukuta ubebe mzigo kutoka juu: lenta, mbao, bati. Mlipuko unakuja ubavuni. Wimbi la hewa linaupiga ukuta kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ukuta unapinda katikati, na udongo wa saruji baina ya kozi, ambao unavumilia sana kukandamizwa lakini hauvumilii kuvutwa, unaachia. Kisha hewa inavuta kurudi ilikotoka, na ukuta ambao umeshakatika unavutwa nayo.

Nguvu inayotosha kuvunja ni ndogo kuliko tunavyodhani. Ukuta wa matofali ya saruji usio na nondo huweza kusambaratika kwa shinikizo la kati ya kilopaskali 10 na 40. Chukua hiyo 10. Kwa ukuta wa chumba wa mita 3 kwa mita 2.5, ni sawa na kusukumwa na uzito wa zaidi ya tani saba kwa mpigo mmoja.

Na sisi tunapima nini? Tofali linapelekwa maabara, linakandamizwa mpaka lipasuke, basi. Kipimo hicho ni cha lazima, sikibezi, maana nimeona mfuko mmoja wa saruji ukitoa matofali 50, yasiyomwagiliwa maji hata siku mbili. Lakini hakinielezi ukuta mzima utafanya nini ukisukumwa ubavuni.

Wenzetu wamepima. Jeshi la Anga la Marekani, katika kambi ya Tyndall jimboni Florida, lilijenga kuta za matofali ya saruji na kuzilipulia mabomu, likaona kwamba kupulizia upande wa ndani utando wa poliyurea, plastiki inayonyumbuka, kunazuia vipande visiruke chumbani. Chuo Kikuu cha California, San Diego, kina mtambo unaoupiga ukuta kwa nguvu ya mafuta ya haidroli kama mlipuko, bila baruti. Ni kazi nzuri, ila matofali yao si yetu, na mwananchi wa Mbagala hawezi kununua poliyurea. Waya wa kuku chini ya lipu anaweza. Je, unasaidia kiasi gani? Ukuta uliofungwa kwenye nguzo za nondo, na ule uliojengwa bila nguzo, vinapishana kwa kiasi gani? Nayauliza haya kwa sababu nayaulizwa na wateja, na sipendi kuwajibu kwa kubahatisha.

Hatuwezi kusema hayatuhusu. Agosti 7, 1998 bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi liliangusha Ufundi House ya jirani. Watu 213 walikufa mjini humo, na 11 hapa Dar es Salaam, ubalozi wao wa hapa ulipolipuliwa siku hiyo hiyo. Baada ya Mbagala haikupita miaka miwili, Gongo la Mboto ikafuata, Februari 16, 2011.

Ombi langu ni hili. Watafiti wa nyumba bora, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wakae pamoja. Jeshi lina viwanja vya kulipulia na wataalamu wa baruti, wale wengine wana vipimo na wahandisi. Zijengwe kuta kama tunavyozijenga mitaani kweli, nzuri na mbaya, zilipuliwe kwa umbali tofauti, na majibu yatangazwe kwa Kiswahili. Umbali hasa upimwe vizuri: ukiuzidisha mara mbili, baruti lazima iongezwe mara nane ili ukuta upate shinikizo lile lile. Hapo ndipo tutajua makazi yaanzie wapi kutoka kwenye uzio wa ghala.

Nikiitwa nitakuja na mwiko wangu, timazi na pima maji, sidai malipo. Nitajenga ukuta kama ule wa yule mama: matofali ya inchi 6, bila nondo, lipu upande mmoja.

Fundi mwashi,
Mbagala, Dar es Salaam