Jibu lako kuhusu betri ya Prius

Kisauni, Mombasa

Ndugu yangu Salim,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Umeniuliza mambo mawili: kama betri kubwa ya Prius ya 2010, lile gari la Toyota la mafuta na umeme, inaweza kuundwa upya kwa seli za lithiamu hapa hapa Mombasa, na kama yule aliyekwambia utie seli za laptop kwa sababu ni rahisi anajua analosema. La kwanza, ndiyo, inawezekana. La pili, huyo usimpe hata spana.

Ila kabla hujatoa shilingi, fungua sanduku uangalie vyuma vinavyounganisha moduli, yaani vifurushi vya seli. Sisi wa pwani chumvi inatula hata dirishani, sembuse shaba iliyo karibu na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari. Namba za hitilafu kuanzia P3011 hadi P3024 zinakutajia jozi ya moduli iliyo dhaifu, lakini mara nyingine kilicho dhaifu ni kutu ya kijani chini ya nati au kwenye uzi wa kupimia. Unga mweupe ukiuona kwenye ncha za moduli, hiyo ni alkali iliyovuja. Pangusa kwa siki, kisha kwa kitambaa chenye maji safi, ukaushe. Ukishasafisha vyuma na namba ikarudi ile ile, au ukipata P0A80, inayosema betri nzima imechoka, hapo ndipo tuzungumze lithiamu.

Betri ya kiwandani ina moduli 28 za nikeli metali hidridi, kila moja volti 7.2 na ampia-saa 6.5, zimefuatana hadi kufika volti 201.6. Kila moduli ina seli 6 ndani yake. Kompyuta ya betri haizisomi mojamoja; inazisoma mbilimbili, jozi 14, na kila jozi ina uzi wake. Kompyuta hiyo hutaibadilisha, na itaendelea kuamini kwamba inalisha nikeli mpaka gari life. Kwa hiyo chochote utakachounda lazima kiwe na vipande 14 ambavyo kompyuta ikivitazama itaona jozi zake za siku zote.

Sasa hesabu. Jozi moja ina seli 12 za nikeli. Gari likitembea kila seli hukaa kwenye volti 1.3 hivi, na ukikanyaga breki chaji ikaingia kwa nguvu inaweza kufika 1.5. Kwa jozi nzima hiyo ni kutoka 15.6 hadi 18. Chukua seli 4 za laptop: kila moja mwisho wake ni 4.2, jumla 16.8. Kompyuta haina habari, itazisukuma kuelekea 18, na 18 ukigawa kwa 4 unapata 4.5. Seli ya aina ile ikifika 4.5 inaweza kutoa mvuke na hata kuwaka, na imewekwa nyuma ya mgongo wa abiria.

Unachotaka ni lithiamu ya chuma na fosfeti, ile wauzaji wanaiita LFP, seli 5 kwa kila jozi. Ikitulia kila seli ni 3.3, jozi inasoma 16.5. Kikomo chake cha juu ni 3.65, mara 5 ni 18.25, kwa hiyo ile 18 ya breki haiivuki. Ukiweka 4 badala ya 5 utapata 13.2 na kompyuta itadhani betri iko mahututi. Tano mara 14 ni 70, na pakiti nzima itakaa kwenye volti 231. Ni juu kidogo ya nikeli, hivyo gari litaiona betri imeshiba kuliko ilivyo na litapunguza kuchaji mapema. Kosa la upande huo halina madhara.

Wengi wanachagua seli kwa kutazama ampia-saa, na hapo ndipo wanapopotea. Gari hili halitaki ghala kubwa. Linachezea chaji katikati tu, kama asilimia 40 hadi 80. Linachotaka ni seli inayoweza kumwaga umeme kwa ghafla. Betri ya modeli hii hutoa hadi kilowati 27. Gawa kwa 231 unapata karibu ampia 117, na kwa kuwa volti hushuka ukikanyaga mafuta, hesabu 130. Zile seli nono za 32700 (namba hizo ni vipimo vya umbo la seli) za taa za sola zina ampia-saa 6, lakini nyingi zimepangiwa kutoa mara tatu ya hapo, yaani ampia 18. Ukizifunga, gari litatoka uani vizuri tu. Ukipanda Daraja la Nyali kwa haraka volti zitaanguka na pembetatu nyekundu itakuwakia.

Chaguo langu ni seli za LFP za kampuni ya A123, umbo la 26650: ampia-saa 2.5, lakini kila moja inatoa ampia 70 mfululizo. Funga 3 sambamba upate kundi la ampia-saa 7.5 lenye uwezo wa ampia 210. Makundi 5 kwa jozi, jozi 14, jumla seli 210, uzito wa kama kilo 16 dhidi ya karibu 29 za moduli za zamani. Nunua 225, kwa sababu utazikataa baadhi. Na ukiona seli ya 18650 imeandikwa miliampia-saa 9900, mwachie mwenyewe; hakuna seli ya umbo lile inayofika hata nusu ya hapo.

Kuhusu kuagiza: tangu Aprili 2016 seli za lithiamu zinazosafirishwa peke yake (kundi la mizigo UN3480) haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Zinakuja kwa ndege ya mizigo au kwa meli mpaka Kilindini. Anayekuahidi kwamba atazitia kwenye begi la mtu anakuuzia matatizo. Mwombe muuzaji karatasi ya UN38.3, majaribio ya usalama wa kusafirisha betri.

Zikifika, pima kila moja. Iliyo chini ya volti 2 itupe kando hata kama inakubali chaji. Pima ukinzani wa ndani kwa mita ya nyaya nne, si kwa multimita ya kawaida. A123 nzima husoma miliomu 6 hivi, na inayopishana na wenzake kwa zaidi ya 1 iache. Kisha jaza, mwaga hadi 2.5, andika ujazo juu ya seli kwa kalamu. Panga tatu tatu kwa kuchanganya wenye nguvu na wanyonge ili kila kundi lilingane na mengine, tofauti isizidi asilimia 2. Ni kazi ya kuchosha na haina mkato.

Kuunga ndiko kunakoua pakiti nyingi za nyumbani, kuliko seli zenyewe. Ukanda wa nikeli wa milimita 0.15 kwa 8 unabeba ampia 7 hadi 10 bila kupata moto. Wewe kila seli itapitisha 40 na zaidi. Kata bamba la shaba la unene wa milimita 0.3, pana kiasi cha kufunika seli 3 za kundi moja na 3 za kundi linalofuata, weka nikeli juu yake, uchome spoti, yaani uunge kwa nukta za umeme, kupitia vyote viwili. Shaba peke yake haishiki kwa mashine ndogo. Nikeli ndiyo inayoshika joto. Ukimaliza alama za kwanza, shika nikeli kwa koleo uivute: ikichanika na kuacha tundu na kipande kimebaki juu ya seli, umechoma vizuri, ikibanduka safi, ongeza nguvu ya mashine.

Nikeli nyingine ya dukani ni chuma kilichopakwa tu. Kwangua kipande kwa kisu, kitie kwenye kikombe cha maji ya bahari, kilaze usiku. Asubuhi ukikuta wekundu wa kutu kwenye mkwaruzo, rudisha mzigo wote.

Sasa BMS, bodi ya kulinda betri. Usiweke ile ya kawaida yenye kukata umeme. Kwa jozi ya seli 5 transista zake zimetengenezwa kwa volti 30 hivi. Siku ikiamua kukata gari likiwa mwendoni, jozi 13 nyingine zitabana volti zao zote juu ya transista hizo, zaidi ya 200, na zitapasuka. Kukata ni kazi ya rilei kubwa za gari (swichi zake za umeme), na zinasikiliza kompyuta. Zile bodi za kuunguza volti ya ziada kuanzia 3.6 nazo hazikusaidii sana, kwa sababu betri hii haikai kileleni. Zitaamka tu volti inaporuka kwenye breki, na hapo zitaunguza seli isiyostahili.

Kinachokufaa ni kuzilinganisha sawasawa kabla ya kuzifunga. Chaji kila kundi hadi 3.65 na ulishikilie hapo mpaka chaji ishuke chini ya ampia 0.4. Kisha mwaga kiasi kile kile kutoka kila kundi: asilimia 40 ya 7.5, yaani ampia-saa 3 kamili, kwa mashine inayohesabu. Zote zitakuwa asilimia 60, mahali gari linapopenda. Usijaribu kuzilinganisha kwa kusoma volti katikati. LFP kati ya asilimia 30 na 80 volti yake karibu haisogei, na multimita itakudanganya kwamba zote ni sawa.

Kuna shimo lingine hapa. Kompyuta inaona jumla ya makundi 5, haioni kundi moja moja. Kundi moja linaweza kuwa 3.0 na wenzake 3.4, jumla ikasoma 16.6 na gari likanyamaza. Kwa hiyo toa nyuzi 6 kutoka kila jozi hadi soketi ndogo, kila uzi na fyuzi yake ya ampia 1 karibu na seli, ili kila miezi sita upime bila kubomoa kitu. Nyuzi zote ni 84; ziandike namba mapema.

Kufungua gari: lizime, ufunguo uweke mbali, toa ncha ya betri ya volti 12, vaa glavu za umeme za volti 1000, vuta plagi ya rangi ya chungwa na uitie mfukoni mwako, asije mtu akairudisha. Ngoja dakika 10 kapasita za inveta zimwage, kisha pima. Pete na saa ziache ndani. Plagi inaikata betri vipande viwili, haiiui; kila kipande bado kina volti za hatari za mkondo wa moja kwa moja. Pakiti yako mpya ijenge kwa vipande vya volti 16.5, na uviunge vyote 14 ndani ya sanduku mwishoni kabisa, huku kiungo cha plagi kikiwa wazi. Nati za vyuma vya moduli Toyota wanazikaza kwa nyutoni-mita 5.4. Zilizolegea huchemka, na zilizokazwa kwa hasira huchomoa uzi wa boliti.

Sensa tatu za joto zibandike kwenye seli za katikati, siyo za pembeni zinazopata hewa. Acha nafasi kati ya seli kwa vishikio vya plastiki, na feni uisafishe pamoja na tundu lake la hewa pembeni mwa kiti; kwa joto letu feni iliyoziba inakula betri yoyote, lithiamu pia. Kabla ya kurudisha plagi, pima kwa mega (mita ya kupima uhami) ya volti 500 kati ya ncha ya betri na sanduku. Unataka megaomu kadhaa. Ikiwa kidogo, kuna unyevu wa chumvi au karatasi ya kuhami iliyotoboka, na gari litakupa P0AA6, hitilafu ya umeme kuvuja.

Washa, unganisha kisomaji cha hitilafu, tazama jozi 14. Likitulia tofauti isizidi volti 0.05. Likivutwa kwa nguvu, jozi inayoanguka zaidi ya 0.3 chini ya wenzake ina kiungo kibovu. Shika bamba zake ukiwa na glavu, baada ya kuzima na kuvuta plagi, utaikuta moja ina moto. Mzunguko wa kwanza fanya Nyali na kurudi. Wa pili panda Mazeras, ushuke polepole hadi Miritini huku mwenzako akisoma kisomaji. Jozi ikikaribia 18.2 kwenye mteremko, punguza breki na usimame.

Na mwambie shemeji: kwenye foleni ya feri Likoni aweke P, asiweke N. Kwenye N gari haliichaji betri, na kiyoyozi kinaendelea kuinywa.

Seli zikifika nipigie kabla hujachoma hata alama moja, nikuletee mita ya nyaya nne. Ile mega itafute kwa mafundi wa majumba, mimi sina.

Wako,
Athumani