Gemu la tiba lisichanganywe na programu za kupunguza mwili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo mijadala yetu kuhusu vijana na simu huliruka, nalo ni matumizi ya michezo ya video katika kuwasaidia wagonjwa wenye matatizo ya ulaji, hususan bulimia, yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujaribu kufuta kilicholiwa. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nimekutana na wazazi wanaoamini kwamba kila gemu ni upotevu wa muda, na nimekutana na wengine ambao wakisikia tu kuwa huko Ulaya gemu limeingizwa hospitalini, humpakulia binti yao programu yoyote inayojinadi kwa jina la afya. Hao wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, na ndio walionifanya nishike kalamu.

Gemu linalotajwa sana katika habari hizi linaitwa Islands. Lilitokana na mradi wa PlayMancer, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya na kuwaunganisha wataalamu wa nchi kadhaa, na likajaribiwa katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Bellvitge, jirani na jiji la Barcelona, na timu ya wanasaikolojia akiwemo Fernando Fernández-Aranda na Susana Jiménez-Murcia. Mgonjwa huketi mbele ya kompyuta akiwa amefungwa vifaa vidogo vinavyopima mapigo ya moyo, pumzi na unyevu wa ngozi, kisha huingia katika kisiwa cha kubuni ambako mara hupanda jabali, mara huzamia baharini kutafuta hazina, na mara hutakiwa atulie na kupumua taratibu. Kompyuta husoma vipimo hivyo papo hapo. Mchezaji akipandwa na hasira au pupa, kazi aliyonayo huwa ngumu zaidi. Akijituliza, njia humfungukia. Haitoshi basi kuwa mwepesi wa vidole, kwa sababu anayeshindwa kuutuliza mwili wake hafiki mbali.

Ili kuelewa faida ya zoezi hilo, ni lazima kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Bulimia, ambayo daktari Gerald Russell wa London aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1979, ni hali ya mtu kula chakula kingi mno kwa mkupuo huku akihisi hawezi kujizuia, kisha kujitapisha, kunywa dawa za kuharisha, kujinyima kula au kufanya mazoezi ya kupindukia ili kufuta alichokula. Mara nyingi mkupuo huo hautanguliwi na njaa peke yake, bali na hasira, aibu, upweke au ugomvi wa nyumbani, na kati ya hisia hiyo na sahani kuna muda mfupi ambao mgonjwa anaweza kuutumia kujituliza kama amejifunza namna ya kufanya hivyo. Maneno ya mshauri humweleza mgonjwa kwamba muda huo upo. Kisiwa cha Barcelona humpa nafasi ya kuufanyia mazoezi mara kwa mara akiwa amekasirika kwelikweli, pembeni yake akiwepo mtaalamu, na bila madhara yoyote akishindwa.

Lililonivutia zaidi katika gemu hilo ni kile ambacho halina. Kazi anazopewa mgonjwa hazihusu chakula, wala mizani, wala hesabu ya kalori, wala picha ya tumbo kabla na baada. Linganisha na programu zilizojaa katika simu za mabinti zetu: hutoa nyota kwa aliyeruka mlo, humpongeza aliyefunga saa nyingi, humpanga mtu kwenye orodha pamoja na wenzake kwa kilo alizopunguza, na humkumbusha jioni kwamba amevuka kiwango chake. Kwa mtu asiye na tatizo la ulaji huenda haya yakawa burudani. Kwa mgonjwa wa bulimia ni kumwagia petroli motoni, kwa maana kujinyima chakula ndiko kunakoleta mkupuo unaofuata. Na ndiyo maana tiba ya utambuzi na tabia (vikao vya kumsaidia mgonjwa abadili mawazo na mazoea yanayomdhuru), jinsi ilivyoandaliwa na daktari wa akili Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford, humrudisha mgonjwa kwanza katika kula kwa nyakati maalumu bila kuruka mlo. Mzazi anayeweka programu ya kuhesabu kalori kwenye simu ya mtoto wa namna hii, hata kwa nia njema, anakwenda kinyume kabisa na tiba hiyo.

Matokeo nayo yasemwe kwa kiasi. Gemu la Islands halikutolewa peke yake, bali liliongezwa juu ya tiba ya kawaida ya vikao vya kila wiki, na wagonjwa wa bulimia waliolinganishwa walikuwa wachache, hata arobaini hawafiki. Dalili zilielekea upande mzuri kwa waliocheza, hasa katika kudhibiti pupa. Hayo yanatosha kuendelea na utafiti. Hayatoshi kumtangazia mtu dawa.

Najua wapo watakaouliza kama si hatari kumpa gemu mgonjwa mwenye pupa, ilhali Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba mchezo ule huchezwa kwenye chumba cha tiba, kwa muda uliopangwa, na mgonjwa haendi nao nyumbani. Tena hospitali hiyohiyo inawatibu waraibu wa kamari, kwa hiyo hawa si watu wanaoyachukulia mambo haya kwa wepesi.

Wapo pia watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 2004 jarida la East African Medical Journal lilichapisha makala kuhusu anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, nchini Kenya, na mwaka 2007 ukachapishwa utafiti uliofanywa Tanzania juu ya wasichana na wanawake, matatizo ya ulaji na athari za vyombo vya habari, wakati ambao simu janja hazikuwa zimefika mikononi mwa watu. Tunaishi mahali ambapo shangazi humpongeza binti kwa kunenepa, na dakika ileile simu inamwambia aone haya kwa kunenepa huko. (Wala hatuwezi kumtupia lawama shangazi.)

Sipendekezi tuagize kompyuta za Barcelona wakati wanasaikolojia wa tiba hatuna wa kutosha. Ninachoomba ni kidogo zaidi na kinawezekana sasa. Wauza dawa wamuulize swali moja au mawili msichana anayerudi kila wiki kununua dawa za kuharisha. Walimu wa malezi na washauri shuleni waache kuendesha mashindano ya kupunguza uzito. Na mzazi anayehisi kwamba mwanawe hujitapisha baada ya kula asianze na simu. Ampeleke hospitali apimwe kiwango cha madini ya potasiamu katika damu, kwa kuwa kutapika mara kwa mara hukishusha mpaka mapigo ya moyo yakavurugika, na hilo linaweza kuua hata kwa mtu ambaye kwa macho anaonekana mzima na mwenye uzito wa kawaida. Mazungumzo kuhusu gemu, kama yatakuwepo, yafanyike baada ya majibu ya kipimo hicho kutoka, na yafanyike na mtaalamu anayemtibu.

Wako katika kujenga afya,
Muuguzi wa afya ya akili,
Tanga.