Wachungaji, msiwakatishe vijana methadoni

Mhariri,

Msimu wa mikutano ya injili ukifika, Tononoka na viwanja vya Kisauni hufungwa vipaza sauti vya kusikika mitaa mitatu. Hatuna ugomvi na mikutano. Ugomvi wetu ni kauli inayotoka kwenye baadhi ya majukwaa, kwamba kijana akishaokoka aachane na methadoni, dawa ya kliniki ya kumsaidia aache heroini, kwa kuwa eti ni unga uleule (heroini) uliopewa jina la hospitali. Kauli hiyo huwarudisha vijana maskani wanakotumia unga, na wengine huwapeleka makaburini.

Unga ukimwishia mtu mwilini, baada ya saa sita hivi hadi kumi na mbili arosto humwanza: kamasi, jasho, kuharisha, mifupa kuuma. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Methadoni ni dawa ya maji anayoinywa mbele ya mhudumu mara moja kwa siku, Jumapili ikiwemo, nayo humshikilia mpaka kesho yake. Ndiyo inayomwezesha kulala, kula, na kukaa ibadani saa mbili bila kuwinda simu ya jirani. Huanzishwa kwa kipimo kidogo, kwa kawaida kisichozidi miligramu 30, kisha kikapandishwa polepole. Kuteremka nako huchukua miezi, tena kwa ratiba ya daktari. Akiikata ghafla, arosto huchelewa siku moja au mbili lakini ikija hudumu majuma. Baya zaidi, mwili huwa umesahau unga. Akiteleza akadunga kipimo chake cha zamani, pumzi hukatika.

Kuna na mfungo wa siku tatu, ambao makanisa mengi huupenda. Kijana akikosa dawa siku tatu mfululizo, kliniki haitampa tena kipimo chake kamili. Humpima upya na kumrudisha chini, kwa sababu kipimo cha juzi huenda kikamlevya leo. Basi afunge chakula akitaka, ila asubuhi aende akanywe dawa yake. Kesha nalo liishe mapema awahi foleni. Kambi ya vijana ikiwa Malindi, mjulisheni mhudumu wa kliniki ya Kisauni siku kadhaa kabla. Malindi kuna kliniki ya methadoni pia, na karatasi za kumhamishia huko kwa muda huandaliwa mapema, si asubuhi basi likinguruma.

Wengi wanaokatiza hukatizwa na nauli, wala si imani haba. Kijana wa Utange hupanda matatu kwenda na kurudi kila siku ya Mungu. Chukulia ni shilingi 100 kwa siku: vijana kumi kwa mwezi ni 30,000. Kodi ya jukwaa na jenereta ni kiasi gani? Ila pesa msimwekee mkononi, maana nauli ya siku mbili tatu ni kete ya unga. Elewaneni na makanga au bodaboda anayejulikana, mlipe kila wiki. Wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, walioanzisha Frere Town mwaka 1875 hawakuishia kuwahubiria tu waliokombolewa utumwani, waliwapa makao na shule. Na kwa kuwa wengi wa vijana hawa ni watoto wa Kiislamu, nauli na uji visifungamanishwe na sala ya toba. Mama yake akisikia mwanawe amenunuliwa kwa uji, hamtakanyaga tena mlango ule, na ni yeye anayejua kama jana alilala nyumbani.

Ushuhuda nao ungoje, walau miezi sita. Anayepandishwa jukwaani wiki ya kwanza hurekodiwa, na kabla ya ibada kwisha video iko kwenye simu ya muuza unga. Akiteleza ataona haya kurudi kanisani. Tena neno "teja", la kumdharau mtumiaji wa unga, lisitamkwe kwenye kipaza sauti hata kwa mzaha.

Tunawasihi pia wanaowafungia vijana vyumbani wakiwaombea wapite arosto. Mwulizeni kwanza kama anatumia bugizi (vidonge vya usingizi vya kulevya) au pombe kila siku. Huyo akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na kifafa akafa, hata kama unga ameuacha salama. Apelekwe hospitali. Aliye chini ya miaka 18 mpelekeni kwa afisa wa watoto, au pigeni 116, simu ya kusaidia watoto. Simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo.

Na mkimkuta kijana amezimia maskani, anakoroma, midomo imegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, maziwa na maji ya baridi havimwamshi. Asiyepumua apuliziwe pumzi mdomoni. Anayepumua alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na akimbizwe hospitali yenye naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga mwilini. Mhudumu aambiwe wazi ni unga, asiambiwe ni malaria.

Wahudumu wa vijana,
Kisauni, Mombasa