Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vibali, Viingilio na Safari Zetu

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililotuchosha mwaka mzima: vibali.

Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema serikali inashika hifadhi za taifa, misitu ya akiba, maziwa na mito kwa amana, kwa manufaa ya raia wote. Baadhi yenu mmekuwa mkiisoma ibara hiyo kwa sauti langoni ili mwingie bure. Tuache. Amana nayo ina gharama za kutunzwa, na askari wa zamu si yeye aliyepanga bei.

Bei yenyewe haijatuonea. Tangu Julai 2024 kibali cha kuona gorila ni dola 800 kwa mgeni asiye mkazi. Raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000. Wenzetu wa Kongo wamo humo, maana nchi yao ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, ila waje na pasipoti mkononi, si picha kwenye simu.

Kinachotukamua ni kuchelewa. Kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo basi likikawia kuondoka Kampala na tukakawia kutoka hifadhini, tunalipia siku ya pili.

Kuhusu wanaotaka tupande Elgon kwa njia za panya: hapana. Mlima ule ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993 na ugomvi wa mipaka na wanavijiji haujapoa. Tena asilimia 20 ya viingilio hurudi kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi. Ukikwepa lango, unamdhulumu mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na nyani.

Mabira ni mlango mwingine. Msitu ule uko chini ya mamlaka ya misitu, si ya wanyamapori, na risiti ya huku haitumiki kule. Mwanachama mmoja alilalamika kuwakuta kina mama wakibeba kuni. Sheria ya 2003 inawaruhusu majirani wa msitu kuchukua kuni kavu za nyumbani bila malipo, kwa kiasi. Watu waliandamana Kampala mwaka 2007 msitu huo usigawiwe kilimo cha miwa. Tusiwe sisi wa kuwafukuza kina mama hao.

Napendekeza viingilio vyote vilipwe kwa mweka hazina wiki mbili kabla ya safari, na atakayechelewa abaki. Tutalipigia kura kwenye mkutano mkuu.

Mwenyekiti